Ukitoka Kibirizi kwa kafi msimu wa kusi

Kuanzia Mei hadi Agosti kusi, upepo utokao kusini, linavuma kwenye Ziwa Tanganyika, na wanaokuja Kigoma na kayaki hudanganyika hapa: ukitoka mwalo wa Kibirizi kuelekea Gombe, kaskazini, upepo unakusukuma mgongoni. Unajiona bingwa. Kazi iko kwenye kurudi, mawimbi usoni na mikono imeshachoka. Kama ni matembezi tu, anza kwa kwenda upande wa Ujiji, upepo unakotoka, ukiwa bado na nguvu. Toka asubuhi mapema na uambae na ufuko.

Boya livaliwe, lisikaliwe. (Najua, linafanya kigodoro kizuri.)

Ukipinduka, usiache chombo ukaogelea kwenda nchi kavu, hata nyumba zikionekana karibu. Mtumbwi wa mti huelea hata ukijaa maji. Ziwa letu si kama maji ya barafu kule Norwe, ambako vidole hukataa kushika kitu ndani ya dakika chache. Lakini hata maji ya nyuzi 25 ni baridi kuliko mwili wenye 37, na hunyonya joto haraka kuliko hewa. Saa mbili humo, utatetemeka. Kama umevaa boya, kunja magoti kifuani, mkono mmoja ushike chombo, usipapatike.

Simu na kitenge kikavu tia kwenye kidumu cha mdomo mpana, kaza kifuniko, kifunge kwa kamba. Na kabla hujasukuma, mwambie mtu pale mwaloni unarudi saa ngapi.