Somo: Kupunguza msongo wa mawazo kwa picha za akilini

Miaka ya 1930, mtafiti wa Marekani Edmund Jacobson aliwataka watu wajione kichwani wakikunja mkono, huku mkono wenyewe umetulia tuli. Vipimo vyake vilinasa umeme mdogo kwenye misuli ya mkono uleule. Ndiyo maana ukiuwaza ugomvi wa kesho, moyo unakwenda mbio leo. Njia hiyohiyo tunaigeuza itutulize.

Hatua ya 1. Kaa au lala. Legeza taya na mabega; wengi hatujui kuwa tumeyakaza.

Hatua ya 2. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta. Unapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kasi.

Hatua ya 3. Chagua mahali panapokupa amani, halafu upapunguze. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanajiwazia bahari nzima, picha inapwaya, wanaacha. Wewe chukua nyayo zako tu. Mchanga una unyevu, unajipenyeza katikati ya vidole. Maji yanafika kwenye vifundo, ya baridi kidogo, na yakirudi yanachota mchanga chini ya visigino hadi unahisi unadidimia. Kaa hapohapo. Shikilia mguso na sauti, si mandhari tu.

Hatua ya 4. Wazo la deni au la kazi likiingia, usipambane nalo. Rudi kwenye visigino.

Hatua ya 5. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Chezesha vidole, fumbua macho, usikurupuke.

MASWALI

Mwalimu, mimi nikifumba macho naona giza tu. Nifanyeje?
Wapo wengine kama wewe. Hali hiyo ilipewa jina la afantasia mwaka 2015. Achana na picha, tumia sauti, joto na uzito wa mwili.

Nikitulia tu, tukio baya la zamani linanijia. Niendelee?
Hapana, dada. Fumbua macho, kanyaga sakafu, taja vitu unavyoviona mbele yako. Likizidi kukurudia, mwone mshauri nasaha au daktari. Zoezi hili si tiba ya jambo hilo.

Mkuu, naweza kufanya nikiwa kwenye foleni, naendesha?
Pumzi ya hatua ya 2, sawa. Picha, hapana kabisa, mpaka uegeshe gari.