Namna ya Kumtuliza Mtoto Anayeota Meno na Kulitunza Jino Lake la Kwanza

Mtoto wa miezi 6 akishikwa na homa, jino ndilo hushtakiwa kwanza. Katika kazi yangu ya utabibu wa meno nimepokea watoto wengi waliofika wakiwa wamelegea kwa kuhara, kwa sababu jamaa wote nyumbani walikubaliana kwamba ni meno tu na yatapita. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na uchunguzi kabla ya kufika kwenye kutuliza.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni jino

Meno mawili ya mbele ya chini ndiyo hutangulia kwa watoto wengi, karibu na umri wa miezi 6, ingawa wapo wanaoanza na miezi 4 na wengine hukaribia kutimiza mwaka bila kasoro yoyote. Wapo pia wanaotanguliza meno ya juu, ambao wazee waliwaita vigego na kuwahofia kwamba wanaleta nuksi. Kitabibu ni tofauti ya kawaida tu.

Jino linalosukuma ufizi humfanya mtoto atokwe na udenda, aume kila akishikacho, asumbue usiku, na pengine joto la mwili lipande kidogo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kuhara, kutapika au kupumua kwa shida si kazi ya jino. Mambo haya hukutana kwa sababu umri uleule kinga aliyoipata mtoto kwa mama yake tumboni huwa imepungua, naye ameanza kula uji, anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota sakafuni. Mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe malaria. Anayehara aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS na apelekwe akapatiwe pia vidonge vya zinki.

Hatua ya 2: Tuliza ufizi

Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, kisha usugue ufizi kwa ncha ya kidole taratibu kwa dakika moja au mbili. Baada ya hapo mpe atafune kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa kwenye friji. Kisigande, kwa kuwa barafu huweza kuumiza ufizi. Asiye na friji asisumbuke, maji ya mtungi wa udongo yanatosha kabisa.

Usimwachie karoti mbichi wala kipande cha muwa, kwa sababu kinachomeguka kinaweza kumkaba. Ushanga au hirizi ya shingoni ivuliwe, hasa anapolala. Udenda unaoteremka shingoni ufutwe mara kwa mara na ngozi ipakwe mafuta ya mgando ili isichubuke.

Hatua ya 3: Tumia dawa kwa kipimo

Maumivu yakimnyima usingizi, parasetamoli ya maji inafaa, kwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Uzito utaupata kwenye kadi ya kliniki. Soma chupa, kwani nguvu ya dawa hutofautiana, na upime kwa bomba la sindano au kijiko kilichokuja nayo, si kijiko cha jikoni.

Jeli za kutia ganzi ufizi siziungi mkono. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba zenye benzokaini zisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 2008 na 2009 nchini Nigeria, dawa ya maji ya watoto wanaoota meno iliyochanganyika na kemikali ya sumu iliua watoto zaidi ya 80. Basi usinunue chupa isiyojulikana ilikotoka. Asali nayo isipakwe kabla ya mwaka 1.

Hatua ya 4: Usikubali ufizi ukatwe

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wanisikilize kwa makini. Pahali pa chonge, ufizi wa mtoto mchanga huonekana umetuna na kuwa mweupe, na wapo wanaoyaita hayo meno ya plastiki, wakidai ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Mganga huchimba kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, akatoa kitu cheupe na laini, na kila mtu akaamini. Kitu hicho ni chipukizi la jino la kawaida ambalo halijakomaa. Homa ikipoa baada ya siku mbili tatu, mganga husifiwa kwa ugonjwa ambao pengine ungeisha wenyewe. Isipopoa, mtoto anakuwa na malaria pamoja na kidonda kinachoweza kumletea pepopunda, virusi vya UKIMWI au upungufu wa damu. Chonge la ukubwani, linalokua chini yake, nalo huweza kuharibika.

Mara nyingi anayesisitiza ni bibi wa mtoto, na kumbishia hakusaidii. Mwambie kwa adabu, «Bibi, naomba tukampime damu kwanza, tukirudi tutazungumza.» Majibu ya vipimo yakishapatikana na matibabu yakaanza, habari ya kuchimba meno kwa kawaida hufifia.

Hatua ya 5: Safisha tangu jino linapochomoza

Tumia mswaki laini wa watoto na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele, mara 2 kwa siku. Wa usiku usirukwe. Walioko Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro ambako maji yana floridi nyingi wamuulize tabibu kwanza, na wakumbuke kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi.

Mtoto asilale na chupa ya chai ya sukari au juisi. Kila mwezi inua mdomo wake wa juu utazame meno karibu na ufizi: mstari mweupe kama chaki ni dalili ya kwanza ya kuoza, na hapo bado kunaweza kuzuiliwa. Mlete hata kama umeshageuka kahawia. Meno ya utotoni ni 20, na magego yake hutarajiwa kukaa hadi miaka 10 au 12, hivyo gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 3 bado lina kazi ya miaka 7 au zaidi mbele yake.