Kutunga wimbo wa kwaya kwa kufuata mkazo wa maneno

Mwongozo huu ni wa mtunzi anayeandika kwa nota za sol-fa (zinazoitwa do, re, mi, fa, so, la, ti) kwa ajili ya kwaya ya sauti nne. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya Sarah Glover, nao umedumu katika kwaya zetu kwa sababu unaandikika kwenye daftari la kawaida, bila mistari mitano. Mbinu ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, hutangulia nota: ni kuyaacha maneno yenyewe yaamue mwendo wa wimbo.

Hatua ya 1: Soma maneno kwa sauti

Tuchukue vipande viwili vya mizani 8 kila kimoja: "Wakulima amkeni, jua limeshachomoza." Visome kama unavyozungumza, huku ukigonga meza kila unaposikia mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utagonga kwenye LI ya "wakulima", KE ya "amkeni", JU ya "jua" na MO ya "limeshachomoza". Angalia kwamba neno "amka" lina mkazo kwenye M, lakini likipata kiambishi "-eni" mkazo unahama. Yako pia maneno machache yasiyofuata kanuni, kama "lazima", ambalo wengi hulitamka kwa mkazo kwenye LA. Pigia mstari silabi zote zenye mkazo kabla hujaandika nota hata moja.

Hatua ya 2: Zipange silabi kwenye mapigo

Katika wimbo wa mapigo manne, pigo la kwanza lina nguvu kuliko yote, na la tatu linafuata. Silabi zenye mkazo zikae hapo. Kwa hiyo "wa" na "ku" zitatangulia kwenye pigo la tatu na la nne, kisha LI ianguke kwenye pigo la kwanza la kipimo (kundi la mapigo manne) kinachofuata na kuvutwa mapigo mawili. "Ma" ipate pigo moja, "a" na "m" zigawane pigo moja, na KE iangukie tena kwenye pigo la kwanza. Sauti ya kwanza (soprano) inaweza kuimba hivi: so, so (zote za chini), do, re, mi, mi, so, mi. Silabi "m" nimeipa nusu pigo kwa makusudi, kwa kuwa huimbwa midomo ikiwa imefungwa, na nota ndefu mahali hapo huizima kwaya nzima.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nililifanya kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nikitunga ubeti wa kwanza kwa uangalifu, kisha nabandika ubeti wa pili juu ya nota zilezile kwa kuhesabu mizani tu. Ukiweka "Shamba halijalimika" mahali pa "Wakulima amkeni", mizani ni 8 vilevile, lakini mkazo wa "shamba" uko kwenye silabi ya kwanza, nayo inaangukia pigo la tatu wakati "ha" isiyo na mkazo inavutwa kwenye pigo lenye nguvu kuu. Msikilizaji husikia neno lililovunjika. Badilisha maneno au badilisha mwendo wa nota, ubeti usilazimishwe.

Hatua ya 3: Tunza mwisho wa sentensi

Karibu kila sentensi ya Kiswahili huishia kwenye silabi dhaifu. Mtunzi akiiweka nota ya mwisho, do, kwenye pigo la kwanza, silabi hiyo dhaifu hupigiwa kelele, na ndiyo maana tenzi nyingi zilizotafsiriwa kwa kufuata tuni za Ulaya husikika kana kwamba zimetamkwa na mgeni. Dawa yake ni hii: kwenye "jua limeshachomoza" imba la, so, fa, mi, fa, mi, halafu MO iwe re kwenye pigo la kwanza, wakati sauti nyingine tatu zimekwisha kufika kwenye do, mi na so. Re hiyo inaegemea, inatamani kushuka, na inaposhuka kwenye do kwa silabi "za", mvutano wote unaishia palepale neno linapolegea. Sijapata mbinu nyingine inayogusa watu kiasi hicho kwa nota mbili tu.

Hatua ya 4: Sauti ziigane kwenye kiitikio

Kuigana kwa sauti kunapendeza, lakini kunameza maneno, basi kutumike kwa neno ambalo msikilizaji ameshalisikia. Besi ianze "amkeni" peke yake, sauti ya tena (tenor) ifuate, kisha alto na soprano, kila moja ikiingia mapigo mawili baada ya iliyoitangulia. Yakiwa mawili, KE ya kila sauti itaangukia pigo la kwanza au la tatu. Likiwa moja, nusu ya kwaya itaweka mkazo mahali pasipostahili. Ukitumia do, mi na so pekee, hakuna sauti itakayogongana na nyingine.

Hatua ya 5: Hama ufunguo katika beti, rudi katika kiitikio

Ifanye so ya zamani kuwa do mpya, na nota ya daraja, ile inayounganisha ufunguo wa zamani na mpya, uiandike kwa majina mawili, la zamani likiwa dogo pembeni, ili wanakwaya wasipotee. Kama unahama kwa vipimo viwili tu, fe moja (fa iliyopandishwa nusu toni) inatosha.

Hatua ya 6: Jaribu bila kinanda

Mpe mwanakwaya mmoja asiyeujua wimbo aimbe sauti ya kwanza peke yake, na mwingine, asiye na karatasi, aandike maneno anayoyasikia. Linganisha daftari lake na lako. Kila neno alilolikosea lina nota iliyokaa vibaya. Rudi kwenye hatua ya 2 ukiwa na orodha hiyo mkononi, kabla ya kunakili karatasi za sauti nyingine tatu.