Namna ya kufundisha mapinduzi ya viwanda ya Marekani kwa yadi moja ya merikani

Nafundisha historia kidato cha tatu huku Simiyu, na siku hizi somo hili silianzi ubaoni. Naanza na pamba.

Tafuta pamba yenye mbegu, mpe kila mwanafunzi kiganja kimoja, waitoe mbegu kwa vidole kwa dakika 10. Mbegu zimeing'ang'ania pamba kama kupe. Wakishachoka, ndipo umtaje Eli Whitney na mashine yake ya kuchambulia ya mwaka 1793. Mtu mmoja kwa mikono alichambua kama ratili 1 (karibu nusu kilo) kwa siku. Mashine ilifikisha ratili 50. Hapo usikimbie. Kila mwaka yupo atakayesema, "Basi watumwa walipumzika, mwalimu." Mwonyeshe kilichotokea: uchambuzi ulipokuwa rahisi, mashamba yalipanuka, na watumwa wakaongezeka kutoka karibu 700,000 mwaka 1790 hadi karibu milioni 4 mwaka 1860. Darasa hunyamaza. Liache linyamaze.

Sasa toa merikani, ile nyeupe isiyotiwa rangi. Chomoa uzi wa mtande (wa urefu) na wa mshindio (unaoukingama), waone zinavyopishana. Samuel Slater, mwenye kiwanda cha nyuzi Pawtucket, Rhode Island, nampa sentensi moja: alisokota nyuzi kwa mashine tangu 1790. Ni Waltham, Massachusetts, mwaka 1814, pamba ilipoingia mlango mmoja wa kiwanda na kutoka kitambaa, kwa nguvu za maji ya mto.

Tua zaidi Lowell, mji wa viwanda vya nguo huko huko Massachusetts. Mwombe kiranja apige kengele ya shule ghafla, kisha uliza: nani alikuwa anaamka kwa kengele kabla ya kuja bweni? Wasichana wa Lowell walitoka mashambani, walikozoea kufuata jua. Kiwandani, majira ya joto, kengele iliwaita saa 11 alfajiri na kuwaachia saa 1 jioni. Madirisha yalifungwa ili nyuzi zisikauke na kukatika, na vumbi la pamba likawaingia kifuani. Lakini pia walishika mshahara wao wenyewe, fedha taslimu, na hilo usilifiche. Ujira ulipopunguzwa mwaka 1834 waligoma. Wakagoma tena 1836. Nawapa wanafunzi dakika 5 wajadili: ungetoka, au ungebaki kwenye mashine?

Malizia kwa ramani. Chora mstari kutoka Salem, bandari ya Massachusetts, hadi Unguja. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Meli zilileta kitambaa, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mkavu wa kutengenezea vanishi. Wapagazi wakakibeba kichwani hadi Tabora na Ujiji, nacho kikatumika kama fedha. Jina la merikani limetokana na Marekani.

Kazi ya nyumbani: wamuulize bibi au babu merikani ilitumika kufanyia nini kwao. Majibu wayaandike kwenye daftari lilelile, chini ya Lowell.