Tairi la mbele la baiskeli kwa njia za mawe na tope za Mwanza

Soma kwanza namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 559 ni ya ringi ya inchi 26, 584 ni ya 27.5, 622 ni ya 29. Isipolingana na ringi yako, liache.

Pesa nyingi iende mbele. Tairi la nyuma likiteleza mara nyingi unajirekebisha. La mbele likiteleza, unaanguka. Kwa vilima vya Mwanza, ambako mawe ya granaiti yanachanganyika na udongo, chukua upana wa inchi 2.4 hivi, mpira laini, na meno imara ya pembeni. Yabonyeze kwa kidole gumba: yakilala kirahisi, yatakuangusha konani. Meno yaachane pia, maana yakibanana, udongo mweusi wa mbuga huyajaza wakati wa masika na tairi hubaki kipara. Lakini yale marefu membamba ya tope tupu usiyachukue. Juu ya jiwe lililolowa hupinda.

Ukifunga, mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu, na tairi lisikaribie foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele. Mwendeshaji wa kilo 70 mwenye tyubu aanze na upepo wa psi 28. Upepo ukipungua sana, jiwe huibana tyubu kwenye ringi na kuacha matundu mawili sambamba.