Lebo zinazobanduka kwenye chupa za mafuta ya karafuu

Nyie mnaojaza mafuta ya karafuu hapa Pemba, kabla hamjailaumu mashine ya kubandika lebo, pitisheni kidole ubavuni mwa chupa. Kikiteleza, basi tatizo mmelipata: mafuta haya hulainisha gundi, na tone moja lililochuruzika wakati wa kujaza linatosha kuinua pembe ya lebo. Futeni kila chupa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iachwe ikauke, ndipo iingie mashineni. Lebo ya karatasi kwa bidhaa hii mimi siishauri kabisa. Chukueni ya plastiki.

Lebo ikikaa si pake, angalieni lile jicho la mashine linalosoma mwanya kati ya lebo na lebo, mara nyingi limeshika vumbi tu. (Lebo angavu huhitaji jicho la aina nyingine, ulizeni kabla ya kununua mashine.) Ukingo wa mashine unaobandua lebo nao hujikusanyia gundi: zimeni umeme kwanza, kisha muufute kwa spiriti hiyo hiyo. Roli la lebo lililobaki litieni kwenye ndoo yenye mfuniko, maana masika yakianza karatasi ya nyuma inayobeba lebo huvuta unyevu ikajikunja.