Maziwa yakishachelewa, moto hauyaokoi

Nauza mtindi Magomeni, Mtwara. Maziwa naletewa na wafugaji wa upande wa Naliendele. Wanaokuja kuniuliza namna ya kuanza huulizia kuchemsha: dakika ngapi, sufuria gani. Mimi nawarudisha kwanza zizini.

Moto unaua, sikatai. Maziwa yakikaa kwenye nyuzijoto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, vijidudu vya brusela, vya salmonela na vya kifua kikuu cha ng'ombe vyote vinakufa. Ila yupo bakteria aitwaye stafilokokasi, anayekaa kwenye kiwele kilichovimba, puani na kwenye vidonda vya mikono yetu. Yeye atakufa, lakini sumu aliyokwisha kuitoa haifi. Chemsha mpaka yafurike jikoni, sumu ipo palepale, na mnywaji atatapika saa chache baadaye. Dawa ni kumnyima muda wa kuzaana. Kwa joto letu la pwani, maziwa yasiyopozwa usiyape zaidi ya saa mbili tangu kukamuliwa.

Basi masharti yangu kwa mfugaji ni haya. Matone ya kwanza ya kila chuchu ayakamulie kwenye kikombe cheusi. Akiona madonge au damu, maziwa ya ng'ombe huyo hayaji kwangu. Aliyechomwa antibayotiki vilevile, mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Hata ukifanya ujanja utaumbuka: dawa inaua mbegu ya mtindi, yaani bakteria wazuri wanaogandisha maziwa, hayagandi. Mwenye kidonda kidoleni ampishe mwenzake akamue.

Kwenye vyombo ndiko watu wanakonikera. Dumu la mafuta ya kula lina mdomo mwembamba, mkono hauingii, na ndani limejaa mikwaruzo ambamo bakteria hujenga utando usiotoka kwa kusukasuka maji. Nunua keni ya alumini yenye mdomo mpana, ghali kweli, lakini nunua. Kuosha kuna mpangilio wake: kwanza maji ya baridi, maana ya moto yanapika protini ya maziwa inanata ukutani, kisha maji ya moto, sabuni na brashi, suuza, halafu mwagia maji yanayochemka. Usifute na kitambaa. Kipindue juu ya kichanja, kikaukie juani.

Njiani keni ikae ndani ya deli, izungukwe na chupa za maji yaliyogandishwa. Barafu ya kumwaga, hasa ile ya wauza samaki, isiguse maziwa.

Yakifika, chemsha. Kuanzia hapo chochote kinachoyagusa kiwe kimechemshwa pia: upawa, chujio, ndoo. Kuna wanaochuja kwa kitambaa kilekile cha asubuhi, wakarudisha walichokiua. Poza haraka, sufuria ikiwa na mfuniko ndani ya beseni la maji, ukoroge kwa upawa safi. Yakiwa vuguvugu tia mbegu, kikombe kimoja kwa lita 10. Pima kwa kipimajoto, si kidole. Mtindi ukishaganda, upeleke kwenye friji, nyuzi 4. Uchachu unawazuia bakteria wengi lakini hauwamalizi, kwa hiyo umeme ukikatika usiku kucha usiuze kwa kuonja tu.

Wapo wateja wanaotaka mabichi, eti yana nguvu. Siwauzii. Homa ya brusela huja na kuondoka, mtu akameza dawa za malaria mara kwa mara bila nafuu. Mteja akisema atayachemsha nyumbani, namwambia yangu yameshachemshwa, achukue hayo.